Niliandika "unsubstantiated" wakanigeuzia kibao

Shikamoo Mwalimu,

Mi ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, huu mwaka wa sita, jina la kampuni naomba nisilitaje maana bado nimo humo na jambo lenyewe halijaisha. Mwezi uliopita walihesabu stoo wakakuta maboksi 14 ya tailizi hayapo. Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza, ya Kiingereza, kurasa mbili, nijibu ndani ya siku mbili. Ndani yake kuna mambo matatu. Kwanza maboksi 14 hayapo, pili mi nimeshirikiana na dereva wa kenta kuyatoa, tatu kuna mtu kaona tailizi za aina ile ile zinauzwa duka moja Buguruni na inasemekana mi ndo nilizipeleka.

Mwalimu usiku ule sikulala. Mdogo wangu wa kiume yuko chuo mwaka wa tatu, akaniambia dada tuwajibu Kiingereza kizito wajue hawachezi na mtu wa hivi hivi, tukakaa na simu mpaka saa saba usiku tunatafuta maneno, tukaandika hivi: "All these allegations are spurious, baseless and unsubstantiated and I refute them in totality." Chini nikaweka saini. Kwa kweli nilivyoisoma asubuhi nilijiona nimejibu.

Kwenye kikao meneja akaisoma kwa sauti, alafu akachukua kaunta buku yangu ya stoo akaifungua pale nilipoandika kwa mkono wangu kwamba maboksi 3 yamevunjika wakati wa kushusha, na saini yangu ipo. Akasema wewe umeandika zote ni baseless, haya matatu si umeyaandika mwenyewe? Nikakosa la kusema. HR naye akadakia, unsubstantiated maana yake haijathibitishwa, kwa hiyo unakubali ila unasubiri sisi tuthibitishe? Mhasibu akaniuliza spurious maana yake nini, nikanyamaza, jasho linanitoka mpaka kwenye viganja.

Na ukweli ni kwamba yale 11 yaliyobaki yametoka kwa delivari noti ya tarehe 9 wakati mi nilikuwa likizo tangu tarehe 3 mpaka 17, nilienda Tanga kumuuguza mama, fomu ya likizo ninayo na saini iliyopo kwenye ile noti sio yangu. Lakini hili kwenye barua sikuliandika kabisa! Nilijaza maneno makubwa nikasahau la maana.

Wamenipa nafasi nyingine, Jumatatu ijayo nipeleke maelezo mapya ya maandishi. Mume wangu anasema andika "false" tu inatosha, mdogo wangu sa hivi anasema "unfounded" ndo ya kiofisi, rafiki yangu wa benki anasema "groundless". Mi sitaki tena kuandika neno nisiloweza kulitetea mbele za watu. Naomba unisaidie, lipi ni sahihi?

Mtunza stoo, Dar

*

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya kikao na pole ya mama.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nataka nikwambie kwanza kwamba Kiingereza chako hakikuwa kibovu, sentensi ile haina kosa la sarufi hata moja. Kilichokuangusha ni lile neno la mwanzo kabisa, "all". Umechukua mambo matatu tofauti ukayafunga kamba moja ukayabandika jina moja, na moja kati ya hayo matatu lilikuwa kweli. Maboksi hayapo, hata wewe unajua hayapo. Sasa mtu akisema kitu hiki hakina msingi alafu ukaonekana msingi hata wa tofali moja, basi anayekusikiliza anaacha kukuamini na kwenye yale mengine yote, na hilo ndo meneja wako alilifanya alipofungua ile kaunta buku. Alikuwa na tofali moja tu mkononi, nalo likamtosha.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza neno lipi, tuulize kwanza neno linakaa juu ya nini. Chukua karatasi, yaandike yale mambo matatu kila moja na mstari wake, kwa Kiswahili, alafu ujiulize kwa kila moja: mi hili nalijuaje?

Maboksi 14 hayapo. Hilo kweli, halihitaji neno lolote la kulikataa. Likubali, na ulieleze.

Nimeshirikiana na dereva. Hilo wewe unajua kwa uhakika kwamba hukufanya, na una karatasi za kuonyesha. Hapa ndo nyumbani kwa "unfounded" au "baseless".

Tailizi zimeonekana Buguruni. Hili mwanangu hulijui. Hukuwepo, hujaliona hilo duka, inawezekana kabisa kuna tailizi za aina hiyo zinauzwa pale, tena mjini hapa zimejaa. Unachokijua ni kwamba aliyeziona hajatajwa jina na hakuna risiti iliyoletwa. Basi hapa, na hapa tu, ndo mahali pa "unsubstantiated".

Umeona? Maneno yako mawili kati ya matatu yalikuwa sawa, ila yalikaa juu ya vitu visivyo vyake.

Sasa nikueleze maana zake taratibu maana watu wengi wanayachukulia haya maneno kama ni mamoja, na kwenye kamusi ndogo utakuta yote yametafsiriwa "bila msingi". Wewe unauza vifaa vya ujenzi kwa hiyo hili utalielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. "Base" ni kitako, kile kinachobeba kilicho juu yake, na ile "less" ya mwisho ni "bila". "Ground" ni ardhi. Na "unfounded" limetokana na "found" ya kuweka msingi, asili yake Kilatini, neno la kitako au sehemu ya chini kabisa, wala sio ile "found" ya kuona kitu kilichopotea. Ndo maana ukiandika "unfound allegations", na nimeliona hilo kwenye barua nyingi sana, unakuwa umesema tuhuma ambazo hazijaonekana zilipo, kitu ambacho hakina maana. Yote matatu, baseless, groundless, unfounded, yanasema jambo lile lile tunalosema sisi, tuhuma zisizo na msingi: nyumba imesimamishwa lakini ukichimba chini hamna zege hamna jiwe, hamna kitu. Tofauti yake ni moto tu. "Baseless" ni kali, ina harufu ya hasira, wanaipenda wanasiasa wakiwa mbele ya maikrofoni. "Groundless" ni ya kizamani kidogo, haikosewi ila siku hizi watu hawaitumii sana. "Unfounded" imetulia, mtu anaisoma bila kukunja uso. Ingekuwa ni mimi naandika kwa mwajiri ambaye bado nataka kufanya naye kazi, ningechukua "unfounded" bila kufikiria mara mbili. Mdogo wako kwenye hili kapatia.

"Unsubstantiated" yenyewe ni kitu kingine. Haisemi kwamba chini hamna msingi, inasema hatujaonyeshwa msingi. Labda upo labda haupo, ila aliyesema hajaleta ushahidi. Kwa hiyo HR alivyokuuliza vile alikuwa anakubana tu, maana neno lenyewe halina kukubali ndani yake hata kidogo, ila ni kweli pia halina kukataa. Mtu aliyesingiziwa wizi akijitetea kwa neno lisilokataa, anayesikiliza lazima ajiulize kwa nini hajakataa.

Nikupe mfano wa mbali kidogo ambao utaonyesha jinsi hizi ngazi zinavyopandwa. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2020, Trump alisema kura zimeibiwa. Ukiangalia jinsi vyombo vya habari vya kule vilivyokuwa vinaandika, utakuta maneno ya aina tatu: amedai bila kutoa ushahidi, madai hayana msingi, madai ni ya uongo. Mwandishi makini hakuyatumia yote siku moja. Siku ya kwanza hujui, unaandika tu kwamba hajatoa ushahidi. Kesi zaidi ya 60 zikapelekwa mahakamani na karibu zote zikashindwa, na tarehe 1 Desemba mwanasheria mkuu wa serikali yake mwenyewe, William Barr, akasema hawajaona wizi wa kiwango ambacho kingeweza kubadilisha matokeo. Hapo sasa watu wamechimba na chini hakuna kitu, ndo unaandika "baseless" na "false" kwa mkono usiotetemeka. Neno linapanda kadri unavyojua zaidi, huruki ngazi kwa sababu una hasira, hata kama hasira yako ni ya haki.

Ndo tuje kwa mume wako na "false" yake. Hajakosea. Tena kwa tuhuma ya dereva, wewe peke yako ndo mwenye haki kamili ya kusema "false" kwa sababu ni wewe unayejua ulifanya au hukufanya, mwingine yeyote anakisia tu. Ninachokuomba ni kwamba usiiache peke yake. "False" ikitoka kwa mtuhumiwa inasimama juu ya kinywa chake, na wao wameshasema hawakiamini. Bora useme kwa kitenzi, moja kwa moja, "I did not", sikufanya. Hakuna kivumishi cha Kiingereza chenye nguvu kama hiyo. Alafu weka tarehe, weka karatasi, na "unfounded" ije mwisho kama hitimisho la vile ulivyokwisha kuvionyesha. Wewe ulianza na hitimisho ukasahau kuweka vitu, ndo maana ilionekana kama kelele.

"Spurious" achana nayo. Asili yake Kilatini ni mtoto wa nje ya ndoa, na mpaka leo inabeba ile maana ya kitu kisicho halali kinachojifanya halali, yani hoja ya bandia iliyovishwa nguo za ukweli. Ukiwaambia wakubwa zako tuhuma zao ni spurious unakaribia kuwaambia wamezitengeneza. Una uhakika huo? Huna. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike "malicious", yani zenye nia mbaya, maana unadai kujua yaliyo moyoni mwao. Na ile saini kwenye noti ya tarehe 9 usiseme imeghushiwa, hujui, labda aliyeshika nafasi yako alisaini jina lake mwenyewe vizuri tu na hakuna aliyejisumbua kulisoma. Sema "the signature is not mine", saini sio yangu. Inatosha, na hakuna wa kukupinga.

Na "refute" pia, ambayo kila mtu mjini hapa anaiandika. Kwa Kiingereza cha makini refute ni kuvunja hoja kwa ushahidi, sio kukataa. Anayekataa tu ana "deny". Ukiandika I refute alafu chini yake hakuna ushahidi hata mmoja, msomaji anayejua lugha anakushangaa. Andika "I deny".

Mambo madogo ya uandishi niyapitie haraka. Hakuna neno "unbased". Usiandike "baseless of evidence", baseless inajitosheleza. Wala "very baseless", kitu ama kina msingi ama hakina, ukitaka kukazia kuna "completely" au "entirely" lakini kwenye barua yako usikazie. Mtu hawi baseless wala unfounded, kinachokosa msingi ni tuhuma, madai, uvumi, hata hofu, sio meneja. Na tumia "allegation", usitumie "claim", kwa sababu ofisini klemu ni hela, kuna fomu za klemu, utawachanganya bure. Ikiwa ni tuhuma moja ondoa "s" na useme "is". Hilo la "s" ni muhimu kwako kuliko unavyodhani, kwa sababu ndo linalokulazimisha ujibu tuhuma moja moja.

Sasa kuna jambo lingine ambalo hukuniuliza na linaniuma kuliko maneno yote hayo. Nani alikwambia lazima ujibu kwa Kiingereza? Sheria ya kazi hapa Tanzania ina kanuni zake za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, na kanuni ya 13 inasema mwajiri akueleze tuhuma kwa namna na lugha ambayo unaweza kuielewa. Kanuni hiyo hiyo inakupa muda wa kujiandaa kabla ya kikao, ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na inakupa haki ya kwenda na mtu wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzio wa kukusaidia. Ulienda na nani? Kwenye barua yako hujamtaja mtu, nadhani ulikaa pale peke yako na watu watatu wanakuhoji maana ya spurious. Jumatatu usiende peke yako, tafadhali. Na likifika huko mbele, Mungu aepushie mbali, wakakuachisha, ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba amekuachisha kwa haki, na una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Tangu 2021 lugha ya sheria na ya mahakama nchi hii ni Kiswahili. Kwa hiyo ukitaka, andika maelezo yako yote kwa Kiswahili, hujavunja chochote, na mhasibu hatakuuliza maana ya neno.

Ila najua ofisi zetu, na najua nawe unataka uwajibu kwa lugha waliyokuandikia. Basi fanya hivi, fikiri kwa Kiswahili kwanza. Andika: Ni kweli maboksi 14 hayapo. Matatu yalivunjika wakati wa kushusha na niliyaandika kwenye kaunta buku siku hiyo hiyo. 11 yalitoka kwa delivari noti ya tarehe 9, mimi nilikuwa likizo tarehe 3 mpaka 17, fomu nimeambatanisha, na saini kwenye noti sio yangu. Sikushirikiana na dereva. Habari ya Buguruni mimi siijui na sijaonyeshwa jina la shahidi wala risiti.

Soma hayo kwa sauti. Kuna mahali umesema "bila msingi"? Hakuna, na bado mtu yeyote mwenye akili zake atakuwa ameshafika hapo mwenyewe. Sasa ndo uweke sentensi zako za Kiingereza, mbili tu za mwisho: "I did not collude with the driver, and the allegation that I did so is unfounded. The statement about the shop in Buguruni is unsubstantiated, as no witness has been named and no receipt has been produced." Hapo mtu akikuuliza maana ya unfounded unamwonyesha fomu ya likizo. Akikuuliza unsubstantiated unamwambia nileteeni huyo shahidi. Kila neno lina karatasi yake nyuma yake.

Swali langu la mwisho, na hili nalitaka ulifanyie kazi leo, usisubiri wikiendi. Ile kaunta buku iko wapi sa hivi? Kama meneja alikuja nayo kwenye kikao ina maana hauishiki tena wewe. Na ile delivari noti ya tarehe 9, nakala yako unayo au uliiona tu? Andika barua fupi ya mistari mitatu, kwa Kiswahili, uombe nakala ya ule ukurasa wa maboksi matatu na nakala ya noti, ipokelewe masjala igongwe muhuri, na wewe ubaki na nakala yenye muhuri. Wakikupa, ambatanisha. Wakikataa, ambatanisha hiyo barua yenye muhuri. Ukimaliza maelezo yako nitumie Jumamosi nikupitishie jicho, nitayasoma siku hiyo hiyo.